Kompyuta kuukuu 17 za watoto huku Nyalenda: mfumo endeshi upi wa bure unafaa?

Mlezi wa Nyalenda (Kisumu) aliuliza:

Hamjambo nyote. Ninasimamia chumba cha kusomea cha watoto katika ukumbi wa kanisa letu huku Nyalenda, na mwezi uliopita ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikinunua kompyuta mpya ilitupatia zile za zamani, jumla yake 17. Kumi na moja ni Dell OptiPlex 755 za mezani, zenye prosesa ya Core 2 Duo na kumbukumbu ya GB 2, yaani vipande viwili vya GB 1 katika kila moja. Nne ni vipakatalishi vya HP vyenye Core i3 ya zamani na GB 4. Mbili zilizobaki ni vile vipakatalishi vidogo vya Atom N270 vyenye GB 1, ambavyo skrini zake hazizidi daftari la mazoezi.

Zile za mezani zinawaka kwa Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tangu Januari 14, 2020, na katika tatu kati yake skrini ni nyeusi tupu, na kwenye kona kuna maandishi yanayosema kwamba nakala hiyo si halali. Vipakatalishi vya HP vina Windows 10, ambayo nayo ilifikia kikomo chake Oktoba 14, 2025, na nimeambiwa kwamba Windows 11 haiwezi kuvikubali kwa sababu havina kile kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Sina pesa za kununua leseni 17, wala sitaki kuwafunza watoto wa kanisani kwa programu zilizoibwa.

Watoto wenyewe ni wa miaka 6 hadi 13, nao huja Jumamosi na wakati wa likizo. Intaneti tuliyo nayo ni ya simu yangu tu, umeme hupotea bila taarifa, na mimi si fundi. Nimewauliza vijana watatu wanaojua kompyuta na kila mmoja ametaja mfumo wake mwenyewe kwa kiapo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kuwawekea watoto mashine kama hizi, akazihudumia kwa muda, akaona mwisho wake.

Fundi wa Kibuye alijibu:

Mlezi, pokea salamu. Kabla ya kuchagua mfumo, zitenge mashine zako kwa prosesa, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupotea. Core 2 Duo na Core i3 ni prosesa za biti 64, kwa hiyo karibu kila mfumo wa leo utazikubali. Atom N270 ni ya biti 32 tu, na dunia ya biti 32 inafungwa mlango baada ya mlango: Google iliacha kutoa kivinjari cha Chrome cha biti 32 kwa Linux, ile familia ya mifumo endeshi ya bure, mwaka 2016; Ubuntu, mmoja wa mifumo ya familia hiyo, ikaziacha mashine hizo, na Debian 13, mwingine wa familia hiyo, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Kwa hiyo hivyo vipakatalishi vidogo viwili viweke kando kwanza, nitavirudia.

Kwa zile 15 ushauri wangu ni Linux Mint ya toleo la Xfce, lile lenye mwonekano mwepesi, na iwe hiyo hiyo kwa zote, hata kama vile vya i3 vinaweza kubeba toleo zuri zaidi kwa macho. Mtoto aliyezoea kompyuta ya dirishani akihamishwa Jumamosi ijayo hadi ile ya mlangoni, anapaswa kukuta kitufe cha menyu mahali pale pale, na wewe unapaswa kujifunza tatizo mara moja tu badala ya mara tatu. Najua wapo watakaokwambia Lubuntu, ile Ubuntu iliyopunguzwa uzito, ni nyepesi zaidi, na ni kweli, lakini Lubuntu 24.04 inahudumiwa hadi Aprili 2027 tu, ilhali mfululizo wa Mint 22 utapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Isitoshe, katika familia ya Ubuntu kivinjari cha Firefox huja kama kifurushi cha snap, yaani kilichofungwa pamoja na vyote kinavyohitaji, na kwenye diski ya zamani inayozunguka, kukifungua kwa mara ya kwanza ni kazi ya kukutosha kuchemsha chai. Mint inakupa Firefox ya kawaida.

Sasa kuhusu kumbukumbu. Wenye Mint wenyewe wanasema GB 2 ndicho kiwango cha chini na wanapendekeza GB 4. Juzi niliwasha Mint Xfce dukani kwenye OptiPlex inayofanana na zako, nikaandika *free -h*, amri inayoonyesha kumbukumbu iliyotumika, kabla ya kufungua chochote, nikaona imeshatumia takriban MB 750. Hiyo si mbaya, lakini mtoto akifungua Firefox yenye kurasa tatu na hati ya LibreOffice (programu za bure za kazi za ofisi) kwa wakati mmoja, GB 2 zinakwisha, mashine inaanza kuandika kwenye diski, na utasikia ile sauti ya kukwaruza huku kipanya kikiganda. Ningekuwa wewe ningezitoa mhanga tatu zilizochoka zaidi. Mashine tatu zitakupa vipande sita vya GB 1, na hivyo sita kati ya nane zinazobaki zitapanda hadi GB 3, mradi zina nafasi tupu kwenye ubao. Vifaa vingine vya zile tatu, kama vile diski, feni na vipanya, vihifadhi kwenye sanduku kwa sababu utavihitaji. Angalia tu usichanganye: OptiPlex 755 hutumia kumbukumbu ya aina ya DDR2, na kipande cha DDR3 hakitaingia hata ukikilazimisha, maana ule mkato mdogo kwenye ukingo wake uko mahali tofauti. Nimeletewa ubao uliopasuka kwa sababu ya mtu aliyedhani ni suala la nguvu.

Usisakinishe mashine moja moja. Sakinisha moja vizuri, iweke programu zote, isasishe kwa bando la siku moja, kisha tumia programu ya Clonezilla kunakili diski yake hadi kwenye nyingine. Baada ya hapo badilisha jina la kila kompyuta ili zisigombane kwenye mtandao. Ukifuata njia hii unapakua mara moja badala ya mara 12.

Kuhusu vile vidogo vya Atom, antiX 23, Linux nyingine iliyo nyepesi sana, bado ina toleo la biti 32, na kwa kipimo kile kile cha *free -h* kwenye ile OptiPlex toleo lake la biti 64 halikufika MB 250. Usivitarajie kufungua kurasa za intaneti za siku hizi. Vipe kazi mbili tu, kuchora na kujifunza kupiga chapa, na vitakaa miaka.

Msimamizi wa Maktaba, Luanda (Vihiga) alijibu:

Ninakubaliana na Fundi kwa mengi, ila naomba niongeze yale niliyojifunza kwa kuumia, kwa sababu suala la intaneti limepitiwa haraka mno.

Sisi tulianza kwa kuweka ChromeOS Flex, mfumo wa bure wa Google unaotegemea sana intaneti, kwenye vipakatalishi sita, kwa kuwa kijana aliyetusaidia aliisifu, na kweli iliwaka upesi na kupendeza. Jumamosi ya pili bando likaisha saa nne asubuhi watoto wakiwa wameketi. Karibu kila kitu tulichokuwa tumewapangia kilikuwa nyuma ya mtandao, nikabaki nawasomea hadithi kutoka kitabuni huku kompyuta sita zikiwa zimewaka bure mbele yao. Mfumo huo una mahali pake, lakini si mahali ambapo intaneti hutoka kwenye simu ya mtu mmoja.

Kwa hiyo swali la pili baada ya mfumo, na kwangu mimi ndilo la kwanza, ni nini kitakachokuwa ndani ya mashine siku ambayo hakuna mtandao kabisa. GCompris ina zaidi ya michezo mia moja ya kujifunza hesabu, herufi, ramani na hata kutumia kipanya, na watoto wa miaka 6 hadi 9 hawaichoki. Tux Paint ni ya kuchora, ina vitufe vikubwa, hutoa sauti kwa kila chombo, na inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Ipo pia programu ndogo ya mipangilio yake inayokuruhusu kukiondoa kitufe cha kufunga, na bila hiyo utakuwa ukiifungua upya kila dakika tano. Kwa wale wakubwa weka Kiwix, ambayo huhifadhi Wikipedia ndani ya faili moja na kuisoma bila intaneti. Faili la Kiswahili ni dogo ukililinganisha na la Kiingereza, na usipakue ya Kiingereza yenye picha zote kama hujapata mahali penye mtandao wa bure. Sisi tuliweka Kiwix kwenye kompyuta moja tu, tukaziunganisha nyingine kwa nyaya na kile kisanduku cha kugawa mtandao chenye matundu manane, na sasa wote husoma kutoka kwenye hiyo moja.

Scratch, ile ya MIT ya kufundishia kupanga programu kwa vipande vya rangi, ina Kiswahili, lakini hawatoi rasmi programu ya kusakinisha kwenye Linux, kwa hiyo utaitumia kupitia kivinjari. Iweke kwa siku za bando.

Jambo moja dogo: usiwabadilishie watoto menyu za mfumo mzima kuwa za Kiswahili kabla ya kuzijaribu mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo kwa mapenzi ya lugha yangu, nikakuta nusu ya menyu ni Kiswahili na nusu ni Kiingereza, na maneno mengine hata mimi sikuyatambua. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004, na inanisikitisha kwamba miaka yote hii baadaye bado tunaokota vipande.

Kijana wa Kakamega alijibu:

Mimi ningeweka antiX kwenye zote 17 na kuacha habari ya kutoa mashine mhanga. Kama inawaka kwa MB 250, GB 2 zinatosha.

Fundi wa Kibuye alijibu:

Ndugu yangu, wepesi wa kuwaka si wepesi wa kutumia. Firefox ni ile ile na inakula kumbukumbu ile ile, iwe juu ya antiX au juu ya Mint. Unachookoa ni zile MB 500 za mwanzo. Kwa upande mwingine, antiX ina madirisha na menyu ambazo mimi na wewe tunazipenda kwa kuwa ni mafundi, lakini Mlezi amesema wazi kwamba yeye si fundi. Siku nitakapokuwa safarini, nataka aweze kubofya Kisimamizi cha Masasisho na kuona alama ya kijani bila kunipigia simu.

Mwalimu wa Kaptembwa (Nakuru) alijibu:

Nafundisha somo la kompyuta katika shule ya upili, na ningependa kulisema lile ambalo wazazi watakuuliza wiki ya kwanza: kwa nini mtoto wangu hajifunzi Windows?

Kwa watoto wa umri uliotaja, jibu ni rahisi. Kushika kipanya, kupiga chapa bila kutazama vidole, kuhifadhi kazi kwenye folda na kuipata tena wiki inayofuata, haya hayana Windows wala Linux. Nimepokea kidato cha kwanza watoto waliojifunzia kwenye Mint na wengine waliojifunzia kwenye simu za wazazi wao, na tofauti niliyoiona ni kwamba wa simu hawajui folda ni nini.

Lakini sitakudanganya kuhusu wakubwa. Ukija kuwapokea wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa KCSE wa somo la kompyuta, karatasi ya vitendo pamoja na ule mradi huhitaji hifadhidata, na shule nyingi hufundisha kwa Microsoft Access hatua kwa hatua. LibreOffice Base, sehemu ya hifadhidata ya LibreOffice, inafanya kazi inayofanana, ila hatua si zile zile, na mwanafunzi aliyebakiwa na majuma manne hana muda wa kujifunza njia mbili. Hao waelekeze kwenye maabara za shule zao. Chumba chako ni cha wadogo, na usikubali wazazi wakusukume ukigeuze kuwa cha masomo ya ziada ya kidato cha nne.

Kitu cha pili ni saiba. Watoto wako watachukua kazi kwa flashi waende kuichapisha, na mwenye saiba atawaambia kwamba faili haifunguki vizuri. Katika LibreOffice, nenda kwenye mipangilio ya kufungua na kuhifadhi, uweke aina ya kawaida ya faili iwe docx. Hakikisha pia kwamba fonti za Carlito na Liberation zimo, kwa kuwa upana wa herufi zake ni sawa na ule wa Calibri na Times New Roman, na hivyo mistari haitaruka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Nilipoteza nusu ya jioni moja mwaka jana kwa sababu ya barua iliyokuwa ukurasa mmoja kwangu na ukurasa mmoja na mistari miwili kwa mchapishaji.

Mwisho, washa kipindi cha mgeni kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia la Mint. Mtoto akiingia kama mgeni, chochote alichovuruga hufutika anapotoka. Mwambie tu mapema kwamba kazi yake nayo itafutika kama hakuihifadhi kwenye flashi, maana machozi ya mtoto wa miaka 8 aliyepoteza mchoro wake si kitu cha kuchezea. Na siku za bando, weka 1.1.1.3 kama anwani ya DNS (huduma inayoielekeza kompyuta tovuti ilipo) kwenye kila mashine. Ni huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti za watu wazima na zile zenye programu hatari.

Mlezi wa Nyalenda alijibu:

Nawashukuru sana. Jumamosi hii niliwasha Mint Xfce kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, kwenye OptiPlex tatu na kipakatalishi kimoja, nikawaita watoto watano wajaribu. Binti mmoja wa darasa la tatu alikaa kwenye Tux Paint kwa dakika arobaini akichora ziwa na boti, akalijaza ziwa samaki wakubwa kuliko boti, na alipoambiwa ni zamu ya mwingine alisema bado nyavu hazijaisha. Wazazi wawili waliopita mlangoni waliuliza swali lile lile la Mwalimu kuhusu Windows, nami nikawajibu kwa maneno yake.

Kuna matatizo matatu. Kwenye OptiPlex moja, Firefox ilikataa kila tovuti ikisema muunganisho si salama, na nilipojaribu kusakinisha programu, mfumo ulilalamika kwamba orodha za vifurushi bado hazijaanza kutumika, jambo ambalo sikulielewa hata kidogo. Kwenye kipakatalishi, wifi haikuonekana kabisa. Na kwenye OptiPlex mbili nilizosakinisha GCompris, inafunguka lakini skrini yake ni nyeupe tupu, nasikia muziki tu.

Fundi wa Kibuye alijibu:

Hilo la kwanza, tazama saa kwenye kona ya skrini. Nakuhakikishia itakwambia ni mwaka 2007 au karibu na hapo. Betri ndogo kwenye ubao imekufa, kwa hiyo mashine ikichomolewa ukutani husahau tarehe, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kama vimetolewa miaka mingi ijayo. Rekebisha saa kwa mkono uendelee na kazi, kisha ununue betri za duara za CR2032, zile zile wanazouza wenye saa. Kwa umri wa mashine hizo, nunua za OptiPlex zote kwa mpigo.

Wifi ya kipakatalishi huenda ni kadi ya Broadcom. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kupitia USB, na Mint itaitambua papo hapo. Kisha fungua Kisimamizi cha Viendeshi uchague kile cha Broadcom. Ukimaliza, waya hauhitajiki tena.

GCompris ni suala la kadi ya picha. Ile iliyomo ndani ya OptiPlex 755 ni dhaifu kwa michoro ambayo programu hiyo inaitaka. Fungua kituo cha amri uandike *gcompris-qt --software-renderer*, nayo itatumia prosesa badala ya kadi. Itakuwa nzito kidogo na baadhi ya mapambo hayataonekana, lakini michezo itafanya kazi. Ikikubali, hariri njia ya mkato iliyo kwenye menyu uongeze maneno hayo mwishoni mwa amri, ufanye hivyo kwenye ile mashine ya kwanza kabla ya kunakili kwa Clonezilla, ili nyingine zote zizaliwe zikiwa nayo.

Jumamosi ijayo nitakuwa na kazi upande wa Nyalenda hadi saa sita mchana. Nitapita na bisibisi, pampu ya vumbi na betri kumi na moja; wewe zitoe zile OptiPlex tatu mbovu uziweke karibu na dirisha, tuanze na kumbukumbu.